Riwaya za mapenzi ya wanawake kwa wanawake: zilikotoka, uanzie wapi, na kisa cha ukurasa wa mwisho

Kuna watu wameniuliza mara kadhaa, wengine kwa kunong'ona, eti hizi riwaya ninazosoma kila siku za wanawake wanaopendana ni vitu gani hasa, nani anaziandika, na mtu akitaka kujaribu aanze na ipi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nimekaa chini niyaweke yote mahali pamoja. Ni ndefu kidogo. Kama umelipia nusu saa tu, shuka mpaka kwenye orodha kule chini, halafu siku nyingine urudi usome yaliyobaki.

NILIVYOANZA MIMI

Nilisoma shule ya bweni, na kule riwaya za Mills & Boon zilizunguka kitanda hadi kitanda mpaka zikawa kama matambara. Mara nyingi kurasa za mwisho zilikuwa zimeshang'oka, lakini hakuna aliyelalamika. Mwisho tuliujua: wataoana. Raha yenyewe ilikuwa ni kuona watafikaje huko.

Halafu mwaka 2006, nikiwa nalipa shilingi 500 kwa saa kwenye kafe moja ya mtaani, nikakutana na hadithi ndefu inayoitwa Tropical Storm ya Mmarekani Melissa Good. Mhusika mkuu ni mwanamke anaitwa Dar. Nilicheka peke yangu mpaka jirani wa kompyuta ya pili akanigeukia. Huyu Dar ni bosi mkali wa kampuni kubwa ya kompyuta kule Miami. Kampuni yake imeinunua kampuni ndogo anayofanya kazi Kerry, na Dar ndiye aliyetumwa kupunguza wafanyakazi. Unaona balaa lilivyoanza.

Nilisoma kwa wiki kadhaa, saa moja moja. Siku ya mwisho nilibakiza sura mbili, kijana wa kafe akaniambia, "Dada, muda wako umeisha." Mfukoni nilikuwa na nauli tu. Nikamwambia, "Kaka, niongezee nusu saa," nikampa nauli yote, na jioni ile nikarudi nyumbani kwa miguu.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu: hawa wawili watabaki pamoja, au mmoja atakufa? Kwenye Mills & Boon sijawahi kujiuliza swali hilo hata siku moja. Kwa nini hapa nilikuwa na hofu? Baadaye, niliposoma historia yake, ndipo nikaelewa kwamba hofu ile haikuwa yangu peke yangu.

NI RIWAYA ZA NAMNA GANI?

Riwaya ya mapenzi, kwa maana ya kibiashara, ina masharti mawili. La kwanza, mapenzi ndiyo habari yenyewe, si pembeni ya vita au ya upelelezi. La pili, mwisho uwe mzuri, wapendanao wawe pamoja au angalau wawe na tumaini la kweli. Kama mmoja anakufa ukurasa wa mwisho, hiyo inaweza kuwa riwaya nzuri sana, lakini si ya aina hii. Sasa weka wanawake wawili badala ya mwanamke na mwanaume, masharti yakabaki yale yale, basi umeipata.

Wengine wanachanganya na picha chafu. Jamani, hapana. Ziko zenye mambo ya chumbani, na ziko ambazo mlango unafungwa na msomaji anaachwa nje, sawasawa na riwaya nyingine zote za mapenzi. Na lile neno la pwani, msagaji, mimi silitumii hapa, kwa sababu huku mitaani limeshakuwa tusi. Nasema wanawake wanaopendana, kila mtu anaelewa.

ZAMANI ILIKUWA LAZIMA WAACHANE

Riwaya ya kwanza ya Kiingereza iliyofanya kelele kubwa juu ya mambo haya ni The Well of Loneliness ya Radclyffe Hall, Uingereza, mwaka 1928. Ukiisoma leo utashangaa, maana haina kitu cha kutisha. Hata hivyo mahakama ya London iliamua mwaka huo huo kwamba ni kitabu kichafu na nakala ziharibiwe. Na mwisho wake? Stephen, mhusika mkuu, anamsukuma mpenzi wake Mary kwa mwanaume ili Mary apate maisha ya kawaida. Yaani hata kwa huzuni yote hiyo bado kilipigwa marufuku.

Twende Marekani, miaka ya 1950. Kulikuwa na vitabu vya jalada laini, senti 25 kimoja, vinauzwa kwenye stendi za mabasi na maduka ya dawa. Mwaka 1952 kampuni ya Gold Medal ilitoa Spring Fire, cha mwandishi aliyejiita Vin Packer. Jina lake halisi ni Marijane Meaker. Kinahusu wasichana wawili wa chuo, Mitch na Leda. Kiliuza nakala zaidi ya milioni moja.

Meaker mwenyewe alikuja kueleza jinsi ilivyokuwa. Mhariri wake, Dick Carroll, alimwambia andika, lakini mwisho usiwe wa furaha. Sababu ilikuwa posta! Vitabu vilisafirishwa kwa posta, na posta ya Marekani ilikuwa na uwezo wa kuzuia chochote ilichokiona ni kichafu. Kama wapenzi wangeishia pamoja, ingeonekana kitabu kinayasifu hayo mambo, mzigo wote ukamatwe. Kwa hiyo ikabidi Leda arukwe na akili, na Mitch agundue kwamba eti hakuwahi kumpenda.

Hebu fikiria. Wasomaji zaidi ya milioni, na ukurasa wa mwisho umeamuliwa na hofu ya watu wa posta.

CLAIRE MORGAN NI NANI?

Mwaka huo huo wa 1952 kikatoka kitabu kingine, The Price of Salt, jina la mwandishi Claire Morgan. Hakuwepo mtu wa jina hilo. Alikuwa ni Patricia Highsmith, aliyekuwa ameshapata sifa kwa riwaya ya uhalifu, na hakutaka kuandikwa kama mwandishi wa mambo ya wanawake.

Kisa chake kilianzia dukani. Desemba 1948 Highsmith alikuwa anauza wanasesere kwenye duka la Bloomingdale's, New York, apate hela za sikukuu. Akaingia mama mmoja amevaa koti la manyoya, akanunua mwanasesere, akaacha anwani apelekewe, akaondoka. Ni hivyo tu. Highsmith akarudi nyumbani akaandika mpango wa riwaya nzima usiku ule, na muda mfupi baadaye akaugua tetekuwanga. Kwenye riwaya, muuzaji ni Therese, kijana, na mnunuzi ni Carol, ambaye yuko kwenye talaka. Wanasafiri pamoja kwa gari, mume anatuma mpelelezi awafuate, na Carol anampoteza mtoto wake kwa baba. Gharama ni kubwa kweli kweli. Lakini kurasa za mwisho Therese anaingia mahali watu wanakula, anamwona Carol kwa mbali, anamfuata.

Hawafi, hawarukwi na akili. Kilipotoka kwa jalada laini mwaka 1953 barua zilianza kumiminika kwa huyo Claire Morgan asiyekuwepo, wanawake na wanaume wakimshukuru kwa ule mwisho. Highsmith hakukikiri kitabu kwa jina lake mpaka mwaka 1990, kilipotoka upya kwa jina la Carol. Mwaka 2015 kikawa filamu, Cate Blanchett na Rooney Mara.

Na hapa kuna umbea wa kihistoria: mwishoni mwa miaka ya 1950 Highsmith na yule Meaker wa Spring Fire walikutana wakapendana, wakaishi pamoja kwa muda, kisha wakaachana. Aliyelazimishwa kuandika mwisho mbaya na aliyethubutu kuandika mzuri! Meaker aliandika kitabu juu ya uhusiano huo mwaka 2003.

WANAWAKE WANAFUNGUA DUKA LAO

Mwaka 1973 wanawake wanne, yaani jozi mbili za wapenzi, walianzisha kampuni yao ya uchapishaji, Naiad Press: Barbara Grier, Donna McBride, Anyda Marchant na Muriel Crawford. Kitabu cha kwanza, The Latecomer, kilitoka 1974, na kiliandikwa na Marchant kwa jina la Sarah Aldridge. Sasa hakukuwa na mhariri wa kusema "muue mmoja".

Kitabu cha Naiad ambacho wasomaji wa zamani wanakitaja sana ni Curious Wine cha Katherine V. Forrest, 1983. Wanawake kadhaa wanakwenda kupumzika kwenye nyumba ya mbao karibu na ziwa Tahoe, wakati wa theluji. Lane na Diana wanapangiwa kulala juu, kwenye kijidari. Ndiyo hivyo, kitabu kizima ni hawa wawili wanagunduana taratibu. Hakuna mpelelezi wala kesi mahakamani. Kwa mtu aliyezoea vitabu vya misiba, hiyo peke yake ilikuwa ni sherehe.

Naiad ilifunga shughuli mwaka 2003, ikaachia nafasi Bella Books. Mwaka 2004 Len Barot, daktari wa upasuaji anayeandika kwa jina la Radclyffe, akaanzisha Bold Strokes Books. Na katikati hapo intaneti ikaingia. Mashabiki wa Xena, ile tamthilia ya mwanamke shujaa ya 1995 hadi 2001, walianza kuandika hadithi zao za bure kuhusu Xena na rafiki yake Gabrielle, kisha wakawahamisha wawili hao kwenye miji ya leo kwa majina mapya. Dar na Kerry wa Melissa Good walitokea huko huko. Ndiyo maana na mimi, mbali kabisa na duka lolote la vitabu hivyo, niliweza kusoma kwa shilingi 500.

VITABU VYA VIJANA NA KESI YA KANSAS

Msidhani baada ya hapo mambo yakawa laini. Mwaka 1982 Nancy Garden alitoa Annie on My Mind, wasichana wawili wa sekondari wanaokutana kwenye jumba la makumbusho New York. Ni kitabu cha upole, na mwisho wake una tumaini. Mwaka 1993 kilichomwa moto hadharani Kansas City, na wilaya ya shule ya Olathe, Kansas, ikakiondoa kwenye maktaba zake. Wanafunzi na wazazi wakaenda mahakamani, na mwaka 1995 jaji akaamuru kirudishwe.

HUKU KWETU JE?

Najua yuko atakayesema haya ni mambo ya Wazungu. Basi sikiliza. Mwaka 2007 Tuzo ya Caine, ile kubwa ya hadithi fupi za Kiafrika, ilichukuliwa na Mganda Monica Arac de Nyeko kwa hadithi yake Jambula Tree. Jambula ni zambarau, mti ambao wengi wetu tumepanda na kuchafua nguo kwa matunda yake. Chini ya mti huo, kwenye nyumba za Nakawa, Kampala, wasichana wawili, Anyango na Sanyu, wanakutwa pamoja na jirani mwenye macho marefu. Sanyu anapelekwa Uingereza. Hadithi yote ni maneno ya Anyango kwa Sanyu, ambaye sasa anarudi. Tunaachwa tunasubiri naye. Kwa masharti niliyotaja juu hii si riwaya ya mapenzi, lakini ndiyo mlango wa kwetu.

Kutokana na hadithi hiyo Mkenya Wanuri Kahiu akatengeneza filamu ya Rafiki, akaihamishia Nairobi. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana uchaguzi. Mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes. Mwezi Aprili mwaka huo huo bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku. Kahiu alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na tumaini mno, na wasichana hawakuonekana kujuta. Yeye akakataa. Septemba 2018 Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, na watu wakajaza ukumbi Nairobi.

Nilipoisoma habari hiyo nikamkumbuka mhariri wa 1952. Miaka 66 imepita, bara jingine, na ombi ni lile lile: wapendane ukitaka, ila mwisho walie. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini nilitoa nauli yangu. Mtu anayesema riwaya hizi ni nyepesi kwa sababu zinaishia vizuri, hajui huo mwisho umegombaniwa kiasi gani.

VISA VINAVYORUDI RUDI

Riwaya hizi zina mitindo yake, na wapenzi wake wanachagua kwa mtindo kama mtu anavyochagua chipsi mayai au chipsi kuku:

1. Maadui wanaopendana. Wanaanza kwa kutoleana maneno kazini, wanaishia kushikana mikono.
2. Mapenzi ya kuigiza. Wanajifanya wapenzi ili ndugu wasiwasumbue, halafu maigizo yanawageukia.
3. Kitanda kimoja. Hotelini kimebaki chumba kimoja, chenye kitanda kimoja. Kila mtu anajua kitakachofuata na kila mtu anafurahi.
4. Marafiki wa siku nyingi. Wote wanajua isipokuwa wao wenyewe.
5. Moto wa polepole. Hawagusani mpaka katikati ya kitabu. Mimi ndio ugonjwa wangu huu.

Kitu kimoja kinachonivutia: kwenye riwaya za kawaida, nani aanze kusema inajulikana. Hapa haijulikani. Wote wawili wanaogopa kusema, na kila mmoja anajiuliza kama mwenzake anamaanisha urafiki tu. Ile hali ya kusoma ishara, kikombe cha chai kilicholetwa bila kuombwa, inaweza kuchukua kurasa 50 na usichoke.

ORODHA YA KUANZIA

Ukitaka ya zamani: The Price of Salt, na Desert of the Heart ya Jane Rule wa Kanada, 1964. Mwalimu anakwenda Reno kusubiri talaka, anakutana na msichana wa kasino. Filamu yake, Desert Hearts, ni ya 1985.

Ukitaka ya kucheka: Delilah Green Doesn't Care ya Ashley Herring Blake, 2022. Mpiga picha anarudi kijijini kwao kwa harusi ya dada wa kambo asiyeelewana naye.

Ukitaka maajabu kidogo: One Last Stop ya Casey McQuiston, 2021. Msichana anampenda abiria kwenye treni ya New York, kumbe abiria yule ametoka miaka ya 1970 na hawezi kushuka.

Ukitaka historia: Last Night at the Telegraph Club ya Malinda Lo, 2021. Binti wa Kichina San Francisco mwaka 1954. Ilishinda tuzo kubwa ya vitabu ya Marekani upande wa vijana mwaka huo huo.

Ukitaka mwandishi mweusi: Bliss ya Fiona Zedde, mzaliwa wa Jamaika, 2005. Hiyo ina chumbani kwingi, nimekuonya.

Ukitaka Afrika: Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta, 2015. Ijeoma anakua wakati wa vita vya Biafra, anapenda, anaozeshwa, anatoka. Ina machozi mengi, lakini usiache njiani. Fika mwisho.

UKISOMEA KAFE

Haya ni ya muhimu, msicheke. Tumia dirisha la faragha, ukimaliza futa historia, toka kwenye barua pepe yako, na usipakue kitu kwenye kompyuta ya watu ukakiacha pale. Chagua kiti ambacho mgongo unaelekea ukuta. Uganda ilitunga sheria Mei 2023 inayoadhibu hata kinachoitwa kuhamasisha mambo haya, kwa hiyo mdau uliyeko huko usimtumie mtu kiungo hovyo, hata kama ni riwaya tu. Rafiki yangu mmoja aliacha ukurasa wazi kwenye kompyuta ya ofisini, na alisemwa mwezi mzima. Kitabu chenyewe hakikuwa na hata busu!

Haya wadau, nimemaliza, muda wangu nao unaisha. Ambaye ameshasoma mojawapo atuambie aliionaje, na mwenye riwaya ya aina hii iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye mwisho mzuri, tafadhali anitajie. Nitatembea kwa miguu tena kuifuata.